Shahada ya Uuguzi kwa Njia ya Mtandao: Mashauri Kabla ya Kulipa Karo

Huenda wewe, dada msomaji, ndiwe muuguzi uliyetoka zamu ya usiku asubuhi ya leo. Umo ndani ya feri ya Likoni, macho mazito kwa usingizi, mara simu yalia. Mwenzako wa wodini amekutumia tangazo: shahada ya uuguzi, masomo kwa njia ya mtandao, huhitaji kuacha kazi. Usingizi wakuruka. Stashahada yako imekulisha kwa miaka, lakini umewaona waliokuja nyuma yako wakiwa na shahada wakikabidhiwa usimamizi wa wodi. Wajiuliza: niingie au nisiingie?

Makala haya hayakusudii kumvunja moyo mwenye nia ya kusoma. Uuguzi ni kazi tukufu katika historia yetu. Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) alipigiwa hema msikitini Madina ili awahudumie majeruhi, na Saad bin Muadh (R.A.) alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alipelekwa katika hema hilo. Nasi leo, mama zetu wanapojifungua au kuugua, hufarijika wakihudumiwa na mwanamke mwenzao mwenye ujuzi na staha. Jamii inahitaji wauguzi kama hao, na inawahitaji pia katika nafasi za uongozi.

Wala kusoma kwa mbali si jambo geni nchini. Mwaka 2005, shirika la AMREF kwa ushirikiano na Baraza la Wauguzi la Kenya lilianzisha masomo ya kompyuta kwa wauguzi wa cheti waliotaka kupanda hadi stashahada huku wakiendelea na kazi. Njia ipo. Lililobaki ni kuyapima mambo manne kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Je, shahada hiyo itatambuliwa?

Swali hili lisiulizwe kwa anayeuza kozi. Chuo kikuu lazima kiwe na idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kozi yenyewe ya uuguzi iwe imekubaliwa na Baraza la Wauguzi. Chuo chaweza kuwa halali ilhali kozi yake moja haijaidhinishwa. Ikiwa chuo ni cha ng'ambo, uliza mapema, tena kwa maandishi, kama shahada yake itakubaliwa hapa.

Jihadhari zaidi na anayeahidi kwamba kila kitu kitafanyika kwenye simu. Nadharia husomeka kwa mtandao, lakini mkono wa muuguzi haufunzwi na kioo. Uliza mafunzo ya vitendo yatafanyiwa wapi, nani atakusimamia, na kama hospitali unayofanyia kazi yaweza kukubaliwa. Uliza pia mitihani inafanyiwa mji gani. Ikiwa ni Nairobi, nauli, malazi na mahramu wa kukusindikiza ni sehemu ya gharama, hata kama hayakuandikwa katika orodha ya karo.

Mwajiri anasemaje?

Wengi hudhani kwamba siku ya kuvaa joho ndiyo siku ya kupandishwa cheo. Sivyo. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, muuguzi wa hospitali ya umma ya kaunti huajiriwa na kaunti, na kubadilishiwa cheo hutegemea kuwapo kwa nafasi, bajeti, na uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Shahada hukufungulia mlango wa kuomba. Haikupi hakika ya kupata. Basi muone msimamizi wako kwanza. Omba ruhusa kwa barua, ulizia likizo ya masomo na masharti yake, na ujue kama ratiba ya zamu yaweza kupangwa kulingana na mitihani. Maneno ya ukumbini husahaulika, barua hubaki.

Fedha itatoka wapi?

Hapa ndipo familia nyingi za Kiislamu hukwama. Mkopo wa masomo unaotozwa riba ni mzito katika dini kabla ya kuwa mzito mfukoni. Zipo njia nyingine za kuangalia kwanza: kulipa karo kwa mafungu muhula baada ya muhula, mchezo wa upatu baina ya wauguzi wenzako, karadha hasana kutoka kwa jamaa, au msaada wa hazina za masomo. Benki za Kiislamu, zilizoanza kazi nchini mwaka 2008, nazo zaweza kuulizwa kama zina mpango ufaao. Soma mkataba, na usiyoyafahamu muulize shekhe anayejua masuala ya biashara. Na unapopiga hesabu usisahau bando, kompyuta, na zamu za ziada utakazoziacha ili usome.

Nyumba itabeba nini?

Neno "mtandao" hutufanya tudhani kwamba masomo haya hayahitaji mahali. Yanahitaji, na mahali penyewe ni nyumbani kwako. Anayesoma chuoni huondoka akaenda darasani, kila mtu akajua kwamba hayupo. Anayesoma kwa mtandao ameketi chumbani, watoto wamuona, mavyaa amuona, na kila mmoja adhani yupo.

Hebu tuhesabu. Wiki ina saa 168. Zamu tano za saa nane ni saa 40. Safari ya kwenda na kurudi, saa mbili kwa kila siku ya kazi, ni saa 10. Usingizi wa saa saba kila usiku ni saa 49. Swala, kupika, kufua, kula na kuwaangalia watoto, tuseme saa saba kwa siku, ni saa 49 nyingine. Zimebaki 20. Masomo yakichukua 15, unasalia na saa tano, na ndani ya hizo tano ndimo mna maziko, harusi, homa ya mtoto na foleni ya feri.

Saa hizo 15 haziwezi kupatikana ila mtu mwingine achukue sehemu ya mzigo. Kwa hiyo idhini ya mume isiwe ni neno "soma tu" linalosemwa juu ya sahani ya chakula. Ketini pamoja, baba, mama na watoto waliofikia umri, mukubaliane kwa majina: nani atawapeleka watoto madrasa Jumamosi, nani atapika usiku wa mtihani, itakuwaje Ramadhani, daku na futari zikikutana na zamu na kazi za chuo. Mume aliyekubali haya naye ana fungu lake la thawabu, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiwasaidia wakeze kazi za nyumbani.

Huenda mkishahesabu mukaona kwamba mwaka huu hauwezekani: mtoto anyonya, au mzee yuko kitandani. Kuahirisha si kushindwa. Wapo wanaoanza na stashahada ya juu katika tawi moja, kama uuguzi wa chumba cha upasuaji au wa wagonjwa mahututi, wakaifikia shahada baadaye.

Anza, basi, kwa Baraza, kisha mwajiri, kisha mfuko, kisha kikao cha nyumbani. Baada ya mashauriano hayo swali istikhara, umtegemee Mwenyezi Mungu. Karo ikishalipwa huwa vigumu kurejeshwa. Maswali hayagharimu kitu. Allah awape wauguzi wetu elimu yenye manufaa, na awazidishie subira wale wanaobaki nyumbani wakiwashikia zamu. Amin.