Juu ya nini munganga anahitaji mtu wa hesabu?

Mdudu wa ugonjwa wa usingizi, anayeletwa na mbung'o, akifika katika ubongo, mgonjwa analala muchana na kukesha usiku. Karibu na 1960 ugonjwa huo ulikuwa karibu kwisha katika inchi yetu. Kazi ikalegea, nao ukarudi: mwaka 1998 wagonjwa walipita 26.000.

Leo ni wachache sana. Basi, tukiacha kupima kijiji fulani, utarudi tena? Waganga wa PNLTHA wanapima damu. Watu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, wanatafuta jibu kwa kompyuta. Shirika la Gates linalipia hesabu hiyo. Ni vizuri franga zisaidie pande zote mbili: hesabu bila damu iliyopimwa ni kubahatisha tu.