Fahamu: Mbunge alisema nini, alipiga kura gani?

Bunge la Malawi liko Lilongwe, eneo la City Centre. Hotuba za mbunge na maswali anayowauliza mawaziri huingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge. Kufuatilia kura yake ndiyo kazi ngumu.

Mara nyingi Spika husikiliza tu "ndiyo" na "siyo", akaamua. Msimamo wa kila mbunge haubaki popote. Wabunge wakihesabiwa mmoja mmoja, mambo hubadilika. Kwa mfano, nchini Kenya tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipata kura 195 za ndiyo dhidi ya 106, na orodha ya majina ikasambaa mitandaoni.

Wakimbizi wa kambi ya Dzaleka hawapigi kura Malawi, ila amri ya serikali ya 2023 ya kuwarudisha kambini iliwagusa. Hansard ndipo pa kuanzia: nani alihoji amri hiyo, waziri akajibu nini.