Vina Vilivyopotea Safarini: Programu za C na Uhakiki wa Ushairi

Jina la Kariokor lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kule Dar es Salaam, jina lilo hilo likawa Kariakoo. Makala hii inahusu mzigo wa namna nyingine, uliotoka katika saiba moja hapa Kariokor ukafika maabara ya chuo umeharibika. Mzigo wenyewe ni programu ndogo niliyoiandika kwa lugha ya C ili inisaidie kukagua vina vya tarbia ninazozihakiki katika tasnifu yangu.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mapema miaka ya 1970, na ikasanifishwa mwaka 1989. Sifa yake kuu ni kuwa programu moja huweza kutumika katika kompyuta za aina mbalimbali, mradi kila mfumo una kompaila yake, yaani chombo kinachoigeuza matini ya programu kuwa amri za mashine. Nami niliiamini sifa hiyo kupita kiasi. Kompyuta ya saiba ilikuwa ya Windows, ya maabara ilikuwa ya Linux. Saibani nilijaribu beti mbili, nikaambiwa vina vimetimia. Maabarani nikaipa diwani nzima, nayo ikadai kuwa kila ubeti ni guni, hata zile mbili za majaribio ambazo kwa haraka sikuzitazama. Nilikuwa nimekwisha kuandika aya ndefu juu ya mshairi aliyeasi arudhi kabla ya kutanabahi kuwa mwasi alikuwa mwisho wa mstari.

Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba. Unapoanza mstari mpya, Windows huandika namba mbili, 13 na 10, ilhali Linux huandika 10 pekee. Programu ya C ikifungua faili ya matini kwa njia ya kawaida ndani ya Windows, ile 13 huondolewa kimyakimya. Ndani ya Linux huachwa palepale. Basi faili niliyoichapa Kariokor ilibeba 13 mwishoni mwa kila mshororo. Programu ilipotafuta irabu ya kina cha mwisho ilikuta alama isiyoonekana, na kwa kuwa 13 si irabu, ikauhukumu mshororo kuwa hauna kina.

Dawa yake ni kuifungua faili kwa modi ya "rb", ambayo huleta namba zote bila kuchujwa katika mifumo yote miwili, kisha kurudi nyuma kutoka mwisho wa mstari kwa kuruka 10, 13, nafasi na alama za uakifishi hadi kuifikia herufi.

Ritifaa ilinisumbua vilevile. Ile ritifaa iliyopinda katika "ng’ombe" huhifadhiwa na faili nyingi za zamani za Windows kama namba moja, 146. Katika usimbaji wa UTF-8, unaotumiwa sana na Linux, ni namba tatu: 226, 128 na 153. Programu iliyoijua 146 pekee ilimkata ng’ombe vipande viwili, "ng" na "ombe", na orodha yangu ya msamiati ikavimba kwa maneno ambayo hayapo. Tangu hapo hugeuza faili zote kuwa UTF-8 kwanza. (Kanuni ya m inayojitegemea kama silabi, kama ilivyo katika "mtu", ingehitaji makala yake.)

Hesabu nazo zisihamishwe kwa kuchukulia kuwa aina za namba zinalingana. Aina iitwayo long huwa na baiti 4 katika Windows ya biti 64, lakini baiti 8 katika Linux ya biti 64. Mimi huandika matokeo kama matini ya kawaida, tarakimu kwa tarakimu.

Baada ya marekebisho, mifumo yote miwili ilitoa jibu moja: mishororo 2 tu katika diwani nzima ndiyo yenye kina kilichokosewa. Ile aya ndefu nimeifuta. Kuhusu mishororo hiyo 2, msimamizi wangu anashuku mpiga chapa, nami bado namshuku mshairi.