Mguu wa Serahangi Brashear

Vijana wengi wanaoletwa karakanani kwetu baada ya ajali za bodaboda wameshaiona filamu ya Men of Honor. Ni ya mwaka 2000. Cuba Gooding Jr. anaigiza mzamiaji mweusi wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, Robert De Niro ni mkufunzi wake mkali, na mwishoni mzamiaji huyo, mguu mmoja ukiwa wa bandia, anatembea hatua 12 mbele ya wakubwa akiwa amevaa vazi zito la kuzamia. Ninapompima kijana kigutu kwa mara ya kwanza, swali huja: "Fundi, yule jamaa alikuwepo kweli, au ni mambo ya sinema tu?"

Alikuwepo. Jina lake ni Carl Maxie Brashear, mzaliwa wa Tonieville, Kentucky, tarehe 19 Januari 1931. Alifariki tarehe 25 Julai 2006. Napenda kumweleza kwa kirefu, maana sinema imemaliza kwa hatua 12 jambo lililomchukua yeye mwaka mzima, na yaliyotokea ndani ya mwaka huo ndiyo ambayo mtu anayejifunza kutembea upya anapaswa kuyajua.

Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na ardhi, wakilima shamba la mwingine na kugawana naye mavuno. Watoto walikuwa wengi. Carl alisoma katika shule ya watoto weusi peke yao, ya msingi tu, kisha akarudi kwenye jembe. Mwaka 1948, akiwa na miaka 17, alikwenda kujiandikisha jeshi la nchi kavu, akafokewa huko mpaka akachanganyikiwa. Kwa wanamaji akapokewa kwa adabu. Basi akawa mwanamaji kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mapenzi ya bahari.

Ilikuwa Februari. Miezi mitano baadaye, tarehe 26 Julai 1948, Rais Harry Truman alitoa amri ya kuondoa ubaguzi wa rangi katika majeshi ya Marekani. Amri ni karatasi. Melini mambo yalikwenda taratibu, na kwa miaka mingi baharia mweusi alikuwa mtu wa jikoni na mezani: kupika, kupakua, kufua na kutandika vitanda vya maofisa. Doris Miller, aliyekamata bunduki kubwa na kuzipiga ndege za Japani huko Pearl Harbor mwaka 1941, alikuwa mtumishi wa mesi vilevile. Brashear alipelekwa Key West, Florida, kuwahudumia maofisa mezani. Akahangaika mpaka akahamishiwa kazi za sitahani, kamba na winchi na mashua, kazi za kiserahangi, na huko ndiko alikopandia vyeo.

Kisha akamwona mzamiaji. Alikuwa kwenye meli ya USS Palau mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndege ilipoanguka kutoka melini ikazama. Akaletwa mtu mwenye kofia kubwa ya shaba, akateremshwa majini, na ile ndege ikapatikana. Brashear akasema moyoni kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Akaandika maombi ya kujiunga na chuo cha uzamiaji. Majibu hayakuja, akaandika tena. Kwa kauli yake mwenyewe barua zilipita 100 kabla ya kukubaliwa chuo cha Bayonne, New Jersey, mwaka 1954.

Huko alikuta vikaratasi juu ya kitanda chake vikimwambia kwamba leo ndiyo siku atakayozamishwa. Alifikia kufungasha vitu vyake aondoke, baharia mwenzake akamzuia. Hakuondoka. Alihitimu, mweusi wa kwanza kuhitimu chuo hicho, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuokota risasi takribani 16,000 kutoka kwenye tishali lililokatika vipande viwili.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani mzamiaji ni mtu mwenye mapafu makubwa tu. Kila mita 10 unazoshuka, mkandamizo wa maji unaongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Hewa unayopumua huko chini inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko kawaida. Ukipanda haraka, naitrojeni inatoka kwenye damu kama gesi ya soda chupa inapofunguliwa, na mapovu hayo yanaweza kukupoozesha au kukuua. Ndiyo maana mzamiaji wa daraja la juu hupiga hesabu: kina hiki, dakika hizi, hewa ya mchanganyiko huu, basi asimame wapi na kwa muda gani wakati wa kupanda. Mtu aliyeishia shule ya msingi aliingia katika hesabu hizo, na mara ya kwanza katika chuo cha Washington alishindwa. Akarudi kwenye vitabu. Mwaka 1960 alipata cheti kinacholingana na kumaliza sekondari, na baada ya miaka michache alirudi chuoni akafaulu. Sinema inaligusa jambo hili kwa haraka. Mimi naliweka juu sana, maana ni mtu mzima, mwenye mke na watoto, anayekaa usiku na fizikia ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Tarehe 17 Januari 1966 ndege mbili za jeshi la anga la Marekani ziligongana angani juu ya Palomares, kijiji cha kusini mashariki mwa Hispania. Moja ilikuwa B-52 iliyobeba mabomu manne ya haidrojeni, nyingine ilikuwa ikiijaza mafuta. Watu saba walikufa. Mabomu matatu yalianguka nchi kavu, na mawili kati ya hayo yakapasuka kwa baruti zake za kawaida na kutawanya plutoniamu mashambani. La nne liliingia Bahari ya Mediterania. Mvuvi mmoja, Francisco Simó Orts, alikuwa ameliona likianguka, naye akaonyesha mahali.

Katika sinema Brashear ndiye anayelikuta bomu chini ya maji. Si kweli, wala isingewezekana: bomu lilikuwa kwenye kina cha mita 780 hivi, kina ambacho hakuna mzamiaji wa vazi na kofia anayeweza kukifikia. Kilicholikuta ni chombo kidogo cha chini ya maji kiitwacho Alvin, na tarehe 7 Aprili 1966 likavutwa juu kwa msaada wa chombo kisicho na mtu ndani. Brashear alikuwa juu, sitahani, kwenye meli ya USS Hoist, akisimamia kamba na mitambo. Ajali ilimpata huko, mwezi Machi. Boti iliyokuwa ubavuni iliivuta kamba kuliko kiasi, bomba lililofungiwa kamba hiyo likang'oka. Yeye aliona linakuja, akaanza kuwasukuma mabaharia wenzake pembeni. Likampiga mguu wa kushoto, chini ya goti, likakaribia kuukata kabisa.

Alisimulia mwenyewe kwamba alipofikishwa hospitali ya jeshi huko Hispania alihesabiwa kuwa maiti, mpaka daktari akasikia moyo unapiga kwa mbali. Akahamishiwa Ujerumani, kisha nyumbani, Portsmouth, Virginia. Kidonda kiliingia maambukizi, nyama ikaanza kufa. Madaktari walimwambia wanaweza kuuokoa mguu ila itachukua miaka, na hata hivyo utabaki mbovu. Akawaambia waukate.

Hapo ndipo wagonjwa wangu hushtuka. Kwao kukatwa mguu ni jambo linaloletwa na madaktari na kukataliwa na ukoo mzima. Nimewaona watu waliokaa na mguu uliooza mpaka tukalazimika kukata juu ya goti badala ya chini. Tofauti ya hizo sentimita chache ni kubwa mno. Mwenye goti lake hutembea, hupanda ngazi, huchuchumaa kwa shida lakini huchuchumaa. Aliyepoteza goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua, na mguu wake wa bandia una kiungo cha chuma kinachoweza kumwangusha. Brashear aliukata mapema akabaki na goti. Sijui kama kuna uamuzi mwingine maishani mwake uliompa mengi kuliko huo.

Kigutu kipya si kitu kilichotulia. Kimevimba. Kwa miezi kadhaa kinaendelea kusinyaa, na soketi, ile sehemu ya mguu wa bandia inayokipokea kigutu, iliyokaa vizuri mwezi huu mwezi ujao inacheza. Tunaongeza soksi, moja, mbili, tatu, kisha tunatengeneza soketi nyingine. Uzito wa mwili haukai kwenye ncha ya kigutu kama watu wanavyodhani, unabebwa zaidi na ile kano iliyo chini ya pia ya goti na nyama za pembeni. Mahali panapoumia ni mfupa wa muundi, kwa mbele, ambapo ngozi ni nyembamba. Soketi ikisugua hapo kwa mbio za asubuhi moja, jioni kuna lengelenge. Kesho yake ni kidonda.

Sasa mtu huyu, kigutu chake bado kibichi, alitaka kurudi kuzamia. Wakubwa walikuwa wanatayarisha karatasi za kumstaafisha. Akatoroka hospitalini, akaenda kwa rafiki yake aliyekuwa na mamlaka katika chuo cha wazamiaji cha karibu, akamwomba amruhusu azame na apigwe picha akiwa kazini. Rafiki yake alijua likitokea la kutokea kazi yake imekwisha, na bado alikubali. Picha zile Brashear akazipeleka kama ushahidi. Wakubwa wakakubali kumjaribu, na kuanzia Machi 1967 mpaka Machi 1968 akawekwa Norfolk, katika kikosi cha kusafisha bandari, chini ya macho ya watu waliokuwa wakiandika kila anachofanya.

Alizama siku baada ya siku. Alfajiri aliwaongoza wenye miguu miwili katika mazoezi na mbio. Vazi la kuzamia la wakati ule, pamoja na kofia ya shaba, mkanda na viatu vya madini ya risasi, lilikuwa na uzito wa karibu kilo 90. Chini ya maji uzito huo si tatizo, maji yanakubeba. Tatizo ni ngazi ya kutokea. Kila kipago, uzito wote ule unarudi mwilini, na kwake nusu yake ilikuwa inashukia kwenye ngozi ya kigutu. Alisimulia, katika mahojiano marefu na Taasisi ya Wanamaji ya Marekani, kwamba siku nyingine alirudi kutoka mbioni akakuta damu imetuama ndani ya mguu wa bandia. Hakwenda zahanati. Angeandikiwa, na kuandikwa kungekuwa mwisho wake. Alijificha mahali, akakiloweka kigutu ndani ya ndoo ya maji moto yenye chumvi, na asubuhi akakimbia tena.

Kijana akinisikia naeleza hili hutabasamu, na mimi hapo humkatiza. Kama fundi, nasema wazi: usifanye hivyo. Ukiona damu, vua mguu, rudi karakanani tuirekebishe soketi. Kidonda cha kigutu kikipuuzwa humrudisha mtu kwenye kisu. Brashear alikuwa na ujasiri wa ajabu, ila ndoo ile ilikuwepo kwa sababu alizungukwa na watu waliosubiri kosa moja tu wamfukuze. Mzamiaji mwenye miguu miwili akipata malengelenge alikwenda kwa daktari. Yeye alinyimwa dawa na hofu ya kuandikwa. Nikiwaza yale maji ya chumvi juu ya nyama iliyochubuka, hasira yangu huenda kwa waliomfanya ajifiche. Na leo nawaona wagonjwa wanaoficha vidonda vyao wasipoteze kazi ya ulinzi au ya kiwandani, vilevile kabisa.

Aprili 1968 alithibitishwa tena kuwa mzamiaji, wa kwanza katika jeshi hilo kurudishwa kazini akiwa amekatwa mguu. Mwaka 1970 alifikia ngazi ya juu kabisa ya wazamiaji, akiwa mweusi wa kwanza kuifikia. Mtu wa ngazi hiyo ndiye anayeongoza mzamo wote: nani ashuke, apumue nini, atoke lini, na likiharibika jambo afanywe nini. Mwaka uliofuata alipanda kuwa serahangi mkuu, cheo cha mwisho kwa asiyekuwa ofisa.

Hakuwa malaika, naye hakudai. Pombe ilimshika, na katika miaka yake ya mwisho jeshini alikwenda kutibiwa, akalieleza jambo hilo hadharani bila kulipaka rangi. Ndoa zake hazikudumu. Alistaafu tarehe 1 Aprili 1979, akaendelea kufanya kazi ya kiraia katika kituo cha wanamaji cha Norfolk mpaka 1993. Alifia hospitali ya jeshi ya Portsmouth, mji uleule alikotibiwa mguu, kwa kushindwa kwa mapafu na moyo, na amezikwa Norfolk.

Mwaka 2008, huko San Diego, meli ya tani nyingi ilipewa jina lake: USNS Carl Brashear. Ni meli ya shehena, inazipelekea meli nyingine chakula, risasi na vipuri zikiwa katikati ya bahari. Ni heshima kubwa. Ila mimi ningependa zaidi jina hilo lipakwe kwenye meli ya uokozi kama ile Hoist, yenye winchi na wazamiaji, ambako baharia kijana mwenye kidonda angelisoma kila siku akienda zahanati.