Harrier ya petroli na umeme: Mbio au akiba?

Wafanyabiashara wa mpakani Rusumo huniuliza, “Mwalimu, hii Harrier ya haibridi inakula mafuta kidogo kweli?” Mimi niliyesoma fizikia uhamishoni Tanzania, na sasa naifundisha nyumbani Rwanda, huwajibu: inategemea barabara.

Gari hilo, liitwalo pia Lexus RX 400h, lilitoka mwaka 2005 likiwa na injini ya V6 ya lita 3.3 na mota za umeme. Kwa jumla lina nguvu za farasi 272. Katika foleni za Kigali injini huzimika, mota ikasukuma gari. Ukiteremka kilima au ukikanyaga breki, betri huchajiwa. Hapo akiba ipo.

Lakini ukienda Kahama kwa mwendo mkali, breki hukanyagwa kwa nadra. Karibu kazi yote hufanywa na injini, tena ikibeba uzito wa betri na mota. Lexus LS 600h ya mwaka 2007 ilipewa V8 ya lita 5: umeme uliongeza mbio kuliko kupunguza mafuta.

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, jiulize unaendesha wapi. Kisha fundi aipime betri. Ikifa, akiba yote huishia hapo.