Mbegu ya Kupeana na Tuta la Kuazima

Jirani yangu hapa Morogoro, mama mwenye wajukuu, alinipa kunde zake kwa masharti. Nilikwenda kumwomba mbegu siku chache kabla ya masika, akanikaribisha mkekani, akaingia ndani. Alitoka na chupa ya soda ya kioo iliyooshwa ikakauka, akatia humo kunde kiasi cha kiganja, akaongeza chumvi kavu vijiko viwili, akaiziba na kuitikisa. Kisha akaiweka chini, tukaendelea kuzungumza habari za mvua na bei ya mkaa. Baada ya robo saa hivi aliitikisa tena, akaiinua kwenye mwanga. Chumvi yote ilikuwa imelala chini, hakuna chembe iliyonata kwenye kioo.

"Haya chukua, mwanangu. Zimekauka. Ukivuna utanirudishia mara mbili, na bibi wa nyumba ya mwisho umpelekee kikombe kimoja."

Mimi ni mtu wa mbegu kwa kazi. Maabara tuna vipima unyevu vya umeme, na kipimo cha mama yule hakiko mbali navyo. Punje yenye unyevu hutoa mvuke ndani ya chupa, chumvi huunyonya, na chumvi iliyolowa hunata kwenye kioo. Ikinata, unyevu wa punje umepita kama asilimia 15, na mbegu ya namna hiyo ukiifunga itapata ukungu. Isiponata, unaweza kuihifadhi mbegu hadi msimu ujao bila wasiwasi mkubwa. Lakini sharti lake la pili, lile la kikombe kwa bibi wa nyumba ya mwisho, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Pale mama alikuwa anaweka akiba. Kunde zake zikiliwa na wadudu mwaka huu, zitakuwapo kwangu. Zangu zikizama kwa mafuriko, zitakuwapo kwa bibi.

Kwenye semina zetu tunazungumza kana kwamba mbegu zote hutoka duka la pembejeo. Mwaka 2016 Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha utafiti uliofuatilia mbegu za wakulima wadogo katika nchi sita, zikiwamo Kenya na Kongo, wakakuta kwamba takriban asilimia 90 ya mbegu hizo hazikupitia kampuni wala duka la mbegu. Zilitoka ghalani kwa mkulima mwenyewe, kwa ndugu na jirani, na zaidi ya nusu zilinunuliwa soko la kawaida, kwa wauza nafaka. Chakula chetu, basi, kinaanzia mkononi mwa mtu tunayemjua. Tusipoujua utaalamu wa kupeana mbegu, au tukiuona ni mambo ya wazee tu, tutakula hasara sote.

Utaalamu huo unaanza na swali moja: zao hili huchavushwaje? Kunde, maharage, choroko na nyanya hujichavusha zenyewe, ua kwa ua, mara nyingi hata kabla halijafunguka vizuri. Ukipewa maharage ya rangi ya maziwa yenye mabaka mekundu, ukayapanda mita chache tu kutoka maharage meusi ya jirani, utavuna yale yale uliyopewa. Haya ndiyo mazao ya kuanzia kwa mtaa unaotaka kupeana mbegu, maana hata mtu asiye na uzoefu hawezi kuyaharibu kirahisi.

Mahindi ni habari nyingine. Chavua yake hupeperushwa na upepo, na wazalishaji wa mbegu hutenga shamba lao kwa mita 200 au zaidi kutoka mahindi mengine. Nani mwenye mita 200 mtaani? Njia iliyobaki ni kupishana siku za kupanda ili mbelewele za shamba moja zitoke wakati za shamba jingine zimekwisha, au wenye mashamba yanayopakana wakubaliane kupanda mbegu moja. Zaidi ya hayo, mahindi hayataki mbegu ya kutoka kwa wazazi wachache. Ukichagua magunzi matano mazuri ukayafanya mbegu ya mwaka kesho, na mwaka unaofuata tena matano, baada ya misimu michache utaona mimea inadumaa na magunzi yanakuwa na mapengo, kwa sababu umepunguza damu. Chagua kutoka mimea 100 na kuendelea, katikati ya shamba, ukiiangalia ingali imesimama. Aliye na mimea 30 nyuma ya nyumba hawezi kuitunza mbegu ya mahindi peke yake. Wanaoweza ni majirani wanne watakaochanganya mavuno yao. Kwa hiyo kwa zao hili mkono wa jirani ni sehemu ya uzazi wenyewe.

Maboga na mamumunye huchavushwa na nyuki, na nyuki hajui mpaka. Hapa nina onyo moja la afya: mumunye au boga lililotoka kwenye mbegu ya kuokoteza, ukilionja likawa chungu kupita kawaida, litupe lote, na mbegu zake usimpe mtu. Uchungu ule ni sumu ya asili ya jamii hiyo ya mimea, inayoweza kurudi pale aina ya shambani inapochanganyika na ya porini, na kupika hakuiondoi.

Na chotara? Watu huniuliza kila mwaka kwa nini mbegu waliyoitoa kwenye mahindi au nyanya za chotara "imewageuka". Haijawageuka. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliotengwa na kulindwa kwa vizazi, na nguvu yake iko kwenye kizazi kile cha kwanza. Wajukuu hutawanyika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja anazaa, mwingine anabaki majani tu. Chotara kanunue kila msimu, au usiipande. Mwiko ni kumpa jirani bila kumwambia.

Baada ya uchavushaji kuna kukausha, na hapa ndipo mbegu nyingi zinapofia. Nyanya ina utelezi unaozuia mbegu kuota. Ikamue kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, iache siku mbili tatu ichachuke, kisha ioshe, mbegu nzuri zizame, makapi yaelee na maji. Ianike kivulini penye upepo, juu ya sahani au kitambaa. Juani, hasa juu ya bati au sakafu ya saruji saa saba mchana, joto huiua mbegu mbichi kwa saa chache, nawe kwa macho hutaona tofauti yoyote. Kanuni tunayofundishwa darasani ni kwamba kila ukipunguza asilimia moja ya unyevu, umri wa mbegu huongezeka karibu maradufu, na kila ukishusha joto la hifadhi kwa nyuzi 5, huongezeka karibu maradufu tena. Friji si lazima. Mchele uliokaangwa kikavu hadi ukawa wa kahawia, ukapoa ndani ya chupa iliyofungwa, hunyonya unyevu vizuri mno. Weka mbegu zako za mboga ndani ya kitambaa, zitumbukize humo, funga, acha wiki mbili.

Fukusi wa kunde hutaga mayai tangu shambani, kwa hiyo huja nyumbani pamoja na mavuno. Jaza chupa ya plastiki hadi pomoni, bila kuacha nafasi ya hewa, ukaze kifuniko: fukusi hukosa pumzi na kufa. Majivu makavu yaliyochekechwa nayo husaidia, na moshi pia, kama bibi zetu walivyojua walipotundika magunzi ya mbegu juu ya moshi wa jiko.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Mwanzoni mwa kazi yangu nilisaidia kusafirisha mzigo wa vijiti vya muhogo kutoka kijiji kimoja kwenda kingine kilichokuwa na shida ya mbegu. Vijiti vilikuwa vinene, vya kupendeza, na waliotupatia walitoa kwa moyo mweupe. Miezi kumi baadaye wakulima walipochimba walikuta mizizi yenye doa la kahawia, kavu, ngumu kama gome, haifai kwa ugali wala kwa kuchemsha. Tulikuwa tumewapelekea michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu ulielezwa na H. H. Storey mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, Usambara, na mwenzake, batobato, ulielezwa na Warburg mwaka 1894, vilevile kutoka huku kwetu. Virusi vya michirizi hukaa ndani ya kijiti, na mmea unaweza kuonekana mzima huku mizizi inaoza.

Basi kuna zawadi za kutoa kwa mkono mmoja na zawadi za kutoa kwa tahadhari. Punje kavu iliyochambuliwa hubeba magonjwa machache, ingawa maharage yenye madoa ya chule yasiwe mbegu kamwe. Lakini kijiti cha muhogo, rando la matembele na viazi vitamu, na chipukizi la mgomba ni vipande vya mmea hai, navyo husafiri na kila ugonjwa wa mama yao. Vya namna hiyo peaneni ndani ya mtaa, kutoka shina mlilolichimba mkaona mizizi yake ni safi; kutoka mbali, muulizeni kwanza bwana shamba.

Sheria zetu kwa muda mrefu zimeitazama hatari hii na kuagiza dawa kubwa kuliko ugonjwa. Kenya, sheria ya mbegu ilimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa katika hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima 15 walifungua shauri mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Tanzania tuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na ndani ya utaratibu wake kuna mlango ambao vikundi vingi havijaupitia: mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo kikundi kinasajiliwa, shamba linakaguliwa chini ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na mbegu inauzwa kwa wakulima wa eneo hilo. Kikundi kinachotaka kutoka kwenye kupeana na kuingia kwenye kuuza kipite mlango huo.

Mbegu bila udongo ni nafaka tu, na mijini kinachokosekana zaidi ni udongo. Hata hivyo kila mtaa una kiwanja kilichoachwa majani, uwanja wa nyuma ya nyumba ya ibada, au kipande cha shule kisicholimwa. Mara nyingi wenye viwanja si wachoyo. Wanaogopa kwamba aliyelima leo kesho atadai pake. Unguja na Pemba mila imekwisha kulijibu hilo tangu zamani: mnazi au mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe, na mtu mwingine akaazimwa ardhi ya chini yake alime muhogo au kunde. Anachokatazwa ni kupanda mti, kwa sababu mti ni alama ya umiliki. Tuige. Karatasi moja yenye sahihi za pande mbili na mjumbe inatosha: mazao ya msimu tu, hakuna mti wala mgomba, muda ni msimu hadi msimu, na mwenye kiwanja akikitaka atangoja mavuno. Mwenye kiwanja atapata ulinzi wa bure na mboga za jioni.

Kabla ya kulima, tazameni maji na historia ya mahali. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, wakiwa wanatafuta metali nzito kama risasi, na walizikuta. Penye maji ya viwandani, gereji ya zamani au jalala, msipande mchicha ardhini. Tumieni gunia. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamelisha familia kwa magunia yaliyosimama mlangoni: debe lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto, pembeni hutiwa udongo safi na samadi, debe huvutwa juu kidogo na kujazwa tena hadi gunia lijae, kisha ubavuni hutobolewa matundu ya miche ya sukuma na mchicha. Maji hupitia kwenye kokoto na kufika hadi chini. Udongo huo lakini utoke mahali mnapopajua.

Wasomaji wangu, vuli haiko mbali. Kabla haijafika, toa mbegu ulizo nazo, hesabu kumi za kila aina, zikunje kwenye kitambaa kibichi na kuzitunza na unyevu kwa siku saba. Zikiota nane na zaidi, gawa. Zikiota tano hadi saba, panda mwenyewe kwa kuzidisha punje shimoni. Chini ya hapo, tafuta nyingine kwa jirani. Na kila kifurushi unachokitoa kiandike jina la mbegu kama wenyewe wanavyoliita, mwezi na mwaka wa kuvunwa, shamba ilikotoka, na neno moja la tabia yake: inavumilia jua, inaiva haraka, hailiwi na ndege. Kama jina hulijui, rudi kwa aliyekupa ukamuulize angali yupo.