Mzazi, usivunje chungu cha mwanao kabla hujakitazama

Mwezi uliopita, jioni moja hapa Ihanda, nilitoka shambani nikamkuta binti yangu wa darasa la nne amekaa nyuma ya jiko, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Mtihani ulikuwa kesho yake. Daftari lilikuwa chini, limefunguliwa, na upepo unapeperusha kurasa. Sikuuliza kitu. Nilikisukuma kwa mguu kile alichokuwa anakifinyanga, kikapasuka, nikamwambia akanawe akasome.

Hakulia. Aliinuka, akanawa, akachukua daftari. Mama yangu, anayeishi nasi, ndiye aliyeokota vile vipande. Akaniambia, "Baba, huu ulikuwa mtungi wangu." Nilipotazama vizuri nikaona ni kweli. Mtoto alikuwa ameuiga mtungi wa maji wa bibi yake, shingo nyembamba na tumbo la duara, mpaka na ule mwinamo mdogo wa upande mmoja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza ni wazazi wangapi tumefanya hivyo, tukidhani tunawasaidia watoto.

Binti wa Nairobi

Kuna mwanamke Mkenya ambaye kila mzazi mwenye mtoto wa kuchezea udongo angefaa kumjua. Anaitwa Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na sehemu ya utoto wake aliishi India, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi ya uandishi wa habari. Alipokua hakuanza na udongo. Alifanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara Nairobi, na mwaka 1971 akaenda Uingereza, katika mji wa Cambridge, kuendelea na masomo ya fani hiyo hiyo.

Huko ndiko alikokutana na ufinyanzi, akabadili njia. Alijiunga na chuo cha sanaa cha Farnham, na mwaka 1974 akaenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja.

Hapo ndipo pa kutafakari. Msomi kutoka chuo cha Ulaya alikwenda kukaa miguuni pa akina mama wa Kiafrika waliojifunza kazi kwa mama na shangazi zao. Mmoja wao alikuwa Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye leo picha yake imechapwa nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria. Odundo alijifunza kwao kuinua chungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu la kuzungusha.

Mpaka leo anafanya hivyo. Anaanza na bonge la udongo, analivuta juu, kisha anaongeza kamba za udongo moja juu ya nyingine, huku akikwangua na kusawazisha. Chombo kikikauka kiasi, anakisugua kwa kokoto laini mpaka king'ae. Hapaki rangi ya kung'arisha. Rangi inatoka motoni. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha, kinatoka chekundu kama tofali. Kikichomwa tena kimefungiwa pamoja na maranda ya mbao, moto unakosa hewa na chombo kinageuka cheusi. Udongo ni ule ule. Kinachotofautiana ni hewa tu.

Vyombo vyake si vya kutekea maji. Vina tumbo, shingo na mabega kama mwili wa mwanamke, na ndiyo maana watu huviita vinyago vya udongo. Viko British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa Bunifu, Uingereza, na mwaka 2020 akapewa na Malkia heshima ya kuitwa Dame.

Je, sanaa inalipa?

Najua utasema: mfinyanzi hulia gaeni. Ni kweli, na sitaki kukudanganya. Odundo hakupata jina kwa siku moja. Baada ya Farnham alifundisha, akarudi tena darasani katika chuo cha Royal College of Art kuanzia 1979 hadi 1982, kisha akafundisha kwa miaka mingi mpaka akawa profesa. Ualimu na udongo vilikwenda pamoja. Hakuacha shule ili awe msanii, na usanii wake haukumzuia kusoma.

Hilo ndilo kosa langu la jioni ile. Nilidhani ni lazima mtoto achague kimoja, daftari au udongo. Ningeweza kusema, "Mwanangu, maliza hesabu, kisha nionyeshe mtungi wako."

Walimu tunao jirani

Sisi wa nyanda hizi hatuhitaji kwenda Nigeria. Mtungi wa mama yangu ulitoka Ziwa Nyasa, kwa Wakisi. Akina mama wa Ikombe wanafinyanga kwa mikono, na vyungu vyao vinasafirishwa kwa mitumbwi hadi Matema, vikipanda barabarani kuja huku kwetu. Tunanunua, tunapikia maharage, na hatumwambii mtoto kwamba kuna mama aliyekifinyanga akiwa na ujuzi wa vizazi.

Kama mwanao anapenda udongo, anza na haya. Mtengee sehemu nje, mbali na jiko, na muda wake baada ya kazi za shule. Mwonyeshe jinsi ya kuondoa mawe na mizizi, na kuchanganya mchanga kidogo ili kazi isipasuke. Mwambie aanike kivulini, taratibu, kwa sababu jua kali hupasua. Asichome mwenyewe, moto ni kazi ya mtu mzima.

Akifika sekondari, ulizia shule zenye mkondo wa amali, ulioanza kwa mtaala mpya mwaka 2024, na fani zinazofundishwa hapo. Mbele zaidi kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huenda asifike huko, akawa nesi au dereva wa malori yanayokwenda Tunduma. Mikono iliyojifunza subira haipotezi kitu.

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Mimi nilikuwa nautumia msemo huo kuhalalisha ukali. Siku hizi nauelewa vingine: udongo mbichi hauhitaji mguu, unahitaji mkono.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba binti yangu msamaha, nikambebea ndoo ya udongo kutoka mtoni. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza kama naweza kumshikia shingo ya mtungi isianguke. Nikakaa chini nikaishika.